Kabla ya Kutia Sahihi: Mtoto wa Pwani Anapokwenda Mlima Kenya

Mama zangu, dada zangu, nyanya zetu na nyote mnaolea watoto, kuanzia Amu mjini, Shela na Matondoni hadi Siyu, Faza, Kizingitini na Kiwayu, karibuni tena katika mazungumzo yetu ya afya. Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Kama una kazi mkononi, endelea nayo, lakini tega sikio.

Mada ya leo huenda ikakushangaza. Tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuharisha, chanjo na lishe. Leo tunapanda mlima. Wakati wa likizo, shule na vikundi vya vijana hupanga safari za Mlima Kenya, na karatasi ya ruhusa hufika nyumbani ikiwa na mstari mmoja wa sahihi ya mzazi. Mama huuliza nauli ni kiasi gani, walimu wangapi wanafuatana nao, wasichana watalala wapi, na chakula ni halali au la. Hayo ni maswali mazuri na uendelee kuyauliza.

Lakini yako maswali mawili ambayo mara nyingi hayaulizwi, nayo ndiyo yanayohusu uhai wa mtoto. La kwanza: mtapanda kwa siku ngapi? La pili: mwanangu ana nini mwilini ambacho mlima unaweza kukiamsha? Leo nataka tuyaelewe maswali haya mawili, ili unapotia sahihi ujue unaruhusu nini.

MLIMA WENYEWE

Mlima Kenya ndio mrefu kuliko yote nchini mwetu, na barani Afrika unatanguliwa na Kilimanjaro peke yake. Kilele chake kikuu, Batian, kina mita 5,199, na pacha wake Nelion ana mita 5,188. Vilele hivyo viwili ni vya wakwea miamba wenye kamba na ujuzi. Wanafunzi na wasafiri wa kawaida hupelekwa kilele cha tatu, Lenana, chenye mita 4,985. Hicho hufikiwa kwa miguu, lakini kutembea huko si sawa na kutembea pwani.

Sisi tunaishi usawa wa bahari. Mlima aliouzoea mtoto wa Amu ni vile vilima vya mchanga vya Shela. Mtoto huyo hupanda mashua hadi Mokowe, akapanda basi, akafika Nairobi ambako tayari ni karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kutoka hapo huenda Nanyuki, zaidi ya mita 1,900. Akifika geti la Sirimon yuko karibu mita 2,650. Kambi ya Old Moses iko mita 3,300, na kambi ya Shipton iko mita 4,200. Mwili uliokuwa ufukweni siku tatu zilizopita sasa uko juu ya mawingu.

KWA NINI HEWA YA JUU HUMUUMIZA MTU

Muulize mzamiaji kamba wa Kizingitini. Atakwambia kwamba kadiri anavyozama ndivyo maji yanavyomkandamiza masikio. Maji yana uzito. Hewa nayo ina uzito, ila hatuuhisi kwa sababu tumezaliwa ndani yake. Hapa ufukweni tuko chini kabisa ya bahari ya hewa, nayo imetushindilia vizuri. Ukipanda mlima, hewa iliyo juu yako hupungua, na hewa unayoivuta huwa nyepesi. Pale Lenana, kila pumzi moja humpa mtu zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni anayoipata hapa Amu.

Mungu ameumba mwili wenye uwezo wa kuzoea. Mtu huanza kupumua haraka zaidi, moyo hupiga mbio, na baada ya siku kadhaa mwili hujipanga upya. Lakini unahitaji muda. Ukiuharakisha, unashindwa. Hapo ndipo unakuja ugonjwa wa mlimani.

Na hapa nataka nisisitize jambo moja. Ugonjwa huu hauangalii nguvu. Kijana anayechezea timu ya mpira, anayeogelea toka asubuhi hadi jioni, anaweza kuupata, na mwenzake mwembamba asiyependa michezo akasalimika. Mara nyingine mwenye nguvu ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu anakwenda mbio na anaona haya kusema kichwa kinamuuma.

SWALI LA KWANZA: MTAPANDA KWA SIKU NGAPI?

Waganga wa milima wana kanuni iliyo rahisi kukumbuka. Mtu akishapita mita 3,000, mahali anapolala usiku huu pasiwe juu ya alipolala jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Na kila baada ya siku tatu au nne, apumzike siku moja bila kupandisha malazi. Mchana anaweza kutembea juu zaidi, mradi usiku arudi kulala chini.

Sasa pima safari ya mtoto wako kwa kanuni hiyo. Kutoka Old Moses hadi Shipton ni mita 900. Hiyo inakaribia mara mbili ya kiasi kinachoshauriwa kwa usiku mmoja. Mlima Kenya unafikika kwa urahisi kwa gari hadi getini, na njia zake ni fupi, kwa hiyo watu hushawishika kuupanda na kushuka kwa siku tatu. Safari ya siku tatu ni rahisi kwa bei, kwani chakula ni kidogo na malipo ya wapagazi na ada za mbuga ni ya siku chache. Lakini unafuu huo wa bei hulipwa na mapafu ya mtoto.

Mpango ulio bora kwa mtoto wa pwani unaweza kuwa hivi. Usiku mmoja Nairobi. Usiku mmoja Nanyuki au getini. Usiku mbili Old Moses, na siku ya katikati wapande mwendo wa saa chache kisha warudi kulala pale pale. Usiku mbili Shipton, ndipo alfajiri wajaribu Lenana na kushuka. Kama pesa haziruhusu, ni afadhali waishie Old Moses na kurudi, kuliko kukimbilia kilele. Mtoto atakuwa ameuona mlima, ameona miti mikubwa ya ajabu isiyoota kwetu, ameona na theluji kwa mbali, na ametembea kwa miguu yake.

Mama mmoja aliniuliza, "Sasa mimi nitawaambiaje walimu waongeze siku?" Nilimjibu: usiende peke yako. Wazazi wakienda kumi, wakasema kwa adabu kwamba wako tayari kuchanga kidogo zaidi ili watoto wapate usiku mmoja wa ziada, watasikilizwa. Waulizeni pia: kiongozi wa msafara amefunzwa huduma ya kwanza? Mtoto mmoja akiugua, yuko mtu mzima wa kushuka naye bila kuwaacha wengine? Mpango wa kumshusha mgonjwa ni upi? Mbuga ya Mlima Kenya inasimamiwa na shirika la wanyamapori, KWS, lenye askari wa uokoaji mlimani. Msafara uliopangwa vizuri huwa na namba zao kabla ya kuondoka.

Na juu ya dawa: iko dawa iitwayo asetazolamaidi, wengi huijua kwa jina la Diamox, inayousaidia mwili kuzoea mwinuko. Ni ya kuandikiwa na daktari, haifai kwa kila mtu, na mwenye mzio wa dawa za salfa lazima aseme mapema. Dawa hiyo husaidia, lakini haifuti kanuni ya kupanda polepole. Kote duniani wapanda milima wanalijua neno letu la "pole pole", kwa kuwa wamelisikia kwa waongozaji wa Kenya na Kilimanjaro. Ni neno la Kiswahili, na sisi wenyewe tusiwe wa mwisho kulifuata.

DALILI AMBAZO MTOTO MWENYEWE AZIJUE

Kabla hajaondoka, kaa naye umfundishe dalili hizi. Huko juu wewe hutakuwapo.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, pamoja na kichefuchefu au kutapika, kukosa hamu ya kula, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu, au kulala vibaya. Mtu hujihisi kama aliyepigwa na bahari chafu. Mtoto akiwa na dalili hizi, asipande tena. Abaki hapo hapo, apumzike, anywe maji, na anaweza kupewa parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Akipata nafuu kabisa, ataendelea kesho. Asipopata nafuu, ashushwe. Dawa ya kichwa isitumiwe kumfunika mdomo ili aendelee kupanda.

Dalili za hatari ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni ya mapafu, ambapo maji huanza kujaa kifuani. Mtoto huhema hata akiwa ameketi. Hukohoa, na kikohozi kinaweza kutoa povu lenye rangi ya waridi. Midomo na kucha hugeuka rangi, huwa kama majivu au buluu. Aina ya pili ni ya ubongo, ambao huvimba. Mtoto huyumba kama mlevi, huongea yasiyoeleweka, hukasirika bila sababu, au husinzia na kuwa mgumu kuamshwa. Kipimo chake ni chepesi. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, hali ni mbaya.

Dalili hizi zikitokea, tiba ni moja: kushuka. Kushuka sasa hivi, hata kama ni saa nane za usiku, hata kama kilele kinaonekana pale. Ashuke mita 500 hadi 1,000 au zaidi, akisindikizwa, na ikiwezekana abebwe. Kama iko oksijeni apewe, lakini wasikae wakiisubiri. Mtu hufa kwa kungojea kupambazuke. Asipewe dawa ya usingizi, na asiachwe peke yake hemani "apumzike" wenzake wakiendelea.

Mwanangu afunzwe maneno haya: "Kichwa kinaniuma, sipandi." Mwambie kwamba siku hiyo maneno hayo hayatakuwa uoga, na kwamba akirudi nyumbani bila kufika kileleni, utampokea kwa furaha ile ile.

SWALI LA PILI: MWANANGU ANA NINI MWILINI?

Hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapohusika kwa namna ya pekee. Pwani ya Kenya, pamoja na sehemu za magharibi na kando ya Ziwa Victoria, ni mahali ambapo sikoseli, au selimundu, ni ya kawaida. Sababu yake ni ya kale. Mtu aliyerithi chembe ya sikoseli kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali, na hivyo chembe hiyo imedumu katika nchi zenye malaria nyingi.

Mtoto aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili ana ugonjwa wenyewe. Chembe zake nyekundu za damu, zikikosa oksijeni, hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Maumivu yake wengi wenu mmeyaona. Sasa fikiri: mlimani kuna oksijeni chache, baridi, mwili kukaukiwa maji, na kazi nzito. Yote manne ni mambo yanayoamsha sikoseli. Kwa hiyo nasema wazi: mtoto mwenye ugonjwa wa sikoseli asipande mlima mrefu. Hata safari ya Nairobi tu, kwanza azungumze na daktari wake, anywe maji ya kutosha na avae nguo za joto.

Yuko na mtoto wa pili, aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja. Huyu tunasema amebeba sikoseli. Kwa kawaida haumwi kitu, anacheza na kusoma kama wenzake, na huenda hata hajui. Lakini katika mwinuko mkubwa, hasa akijikaza sana na kukaukiwa maji, wengu wake unaweza kukosa damu. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu, pengine na kutapika. Mtoto huyo ashushwe mara moja na afikishwe hospitali. Kubeba sikoseli hakumzuii kila mtu kusafiri, lakini ni lazima yeye na kiongozi wake wajue, na wapate ushauri wa daktari kabla ya kuondoka.

Njia ya kujua ni kupima damu. Nenda kituo cha afya miezi miwili kabla ya safari, uulize kama kipimo kinafanyika hapo au utaelekezwa kwingine. Kama katika ukoo kuna mtoto aliyekuwa akivimba vidole, akilia mifupa, au akiongezewa damu mara kwa mara, usiache kupima.

Wengine wanaohitaji kumwona daktari kwanza ni wenye pumu, kifafa, kisukari, ugonjwa wa moyo, na upungufu wa damu. Msichana mwenye hedhi nzito apimwe damu. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, na iwe mfukoni mwake, isiwe kwenye mzigo wa mpagazi. Mama mjamzito asijitolee kuwasindikiza watoto juu. Na mtoto mwenye homa, kikohozi cha kifua au kuharisha siku ya kuondoka, abaki.

Najua jaribu lililopo. Karatasi inauliza "Mtoto ana ugonjwa wowote?" na mama anaandika "Hapana", akihofia mtoto ataachwa na wenzake. Mama yangu, usifiche. Ukificha hapa chini, huko juu hakuna atakayejua afanye nini.

BARIDI NA NGUO

Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Siku ambayo hapa tunapepea kwa vipepeo, kambini Shipton maji huganda usiku. Baridi kavu inavumilika. Inayoangamiza ni baridi pamoja na maji na upepo.

Nguo za pamba tunazozipenda hapa kwa joto, huko ni adui. Pamba ikilowa hukaa na maji na kuubaridisha mwili. Tafuta sufu au nguo za nailoni na poliesta. Huhitaji duka la kifahari. Kwenye mitumba ya Mombasa au Nairobi, sweta nzito na makoti hupatikana kwa bei nafuu. Mvalishe kwa tabaka: ya ndani ya kubana, ya kati ya joto, ya juu ya kuzuia upepo na mvua. Msichana anaweza kuvaa suruali nzito, na juu yake gauni lisiloburuta likamkwaza.

Afungashe pia boshori la kufunika masikio, glavu jozi mbili, soksi nzito jozi nne, koti la mvua, tochi, na begi la kulalia la baridi. Viatu viwe buti au raba imara zilizokwisha kuvaliwa wiki kadhaa. Champali ni za kambini tu. Nguo za kulalia zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, zisiguswe mpaka usiku, ili daima awe na nguo kavu.

Akishatawadha kwa maji yale ya baridi, ajifute mikono na miguu vizuri na avae soksi kavu papo hapo.

Mtoto anayetetemeka sana, akianza kujikwaa na kutamka maneno kwa uzito, baridi imemwingia mwilini. Avuliwe nguo zilizolowa, avalishwe kavu, aingizwe ndani ya begi la kulalia, kichwa kifunikwe, na kama yuko macho anywe kitu cha moto chenye sukari. Kutetemeka kukikoma ilhali bado ni wa baridi na amelegea, ni hatari kubwa, ashushwe. Vidole vilivyokufa ganzi visisuguliwe wala kuotwa motoni. Vipashwe kwa kuwekwa kwapani au katika maji ya uvuguvugu.

MAJI, CHAKULA NA JUA

Hewa ya mlimani ni kavu, na kwa kuwa mtu hapati joto, hasikii kiu. Anywe kidogo kidogo mchana kutwa, mpaka mkojo wake uwe mweupe. Maji ya mito yatiwe dawa au yachemshwe kwanza.

Hamu ya kula hupungua, kwa hiyo mpe vitu anavyovipenda vyenye nguvu: tende, kashata, njugu, biskuti. Ale kidogo kila mara. Mirungi na sigara viachwe kabisa. Mirungi huficha uchovu na kuondoa usingizi na njaa, na mlimani vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyomwambia mtu asimame.

Jua la huko ni kali kuliko letu, kwa sababu hewa ni nyepesi, tena mlima uko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Palipo na theluji, mwanga hurudi kutoka chini pia na kuunguza macho. Avae miwani ya jua na kofia, na ajipake mafuta ya mgando midomoni. Ngozi nyeusi nayo huungua.

Juu ya majira, likizo ya Aprili huangukia masika, na mlimani ni matope na ukungu. Miezi iliyo mikavu zaidi ni Januari na Februari, wakati wa kaskazi, na Julai hadi Septemba, wakati wa kusi. Likizo ya Agosti ni chaguo jema. Na mazoezi yaanze miezi miwili kabla: atembee Amu hadi Shela na kurudi akiwa na mzigo mgongoni, na apande vilima vya mchanga polepole. Hayo hayamkingi na ugonjwa wa mlimani, lakini huandaa miguu na kulainisha viatu.

WALIO NA JAMAA ULAYA

Wako pia vijana wetu wanaoalikwa na jamaa zao Ulaya, na huko hupelekwa mabonde ya juu ya Alps kuteleza kwa mbao juu ya theluji. Si mchezo wa wazungu peke yao. Philip Boit wa Eldoret alikuwa Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi, kule Nagano, Japani, mwaka 1998. Na mwaka 2018, kule PyeongChang, Korea Kusini, alishindana Sabrina Simader, binti aliyezaliwa hapa hapa pwani, Kilifi, na kukulia Austria. Boit alikuwa mwanariadha tayari, na bado alikwenda Finland kufunzwa tangu mwaka 1996 kabla ya kushindana.

Kanuni za leo ni zile zile huko. Vijiji vingi vya Alps viko mita 1,000 hadi 2,000, lakini gari la kamba humpandisha mtu hadi mita 3,000 na zaidi kwa dakika chache tu. Basi alale kijijini usiku mmoja au miwili kwanza, apande kidogo, ashuke kulala chini. Avae helmeti, aanze na mwalimu, na mwenye sikoseli ashauriane na daktari kabla ya kukata tikiti.

AKISHARUDI

Mtoto akirudi, muulize alivyolala, alivyopumua, kama alikohoa. Kikohozi kisichokwisha, kuhema, maumivu ya ubavu wa kushoto au ganzi ya vidole visiyoisha ni sababu ya kuja kituoni. Akipata homa, usiseme "ni baridi ya mlimani" ukangoja. Yeye ni mtoto wa pwani, na malaria anaweza kuwa aliondoka nayo hapa hapa. Apimwe siku hiyo hiyo.

KWA MUHTASARI

Kwanza, uliza ni siku ngapi, na waombe waongeze usiku kabla ya kwenda juu ya mita 3,000.
Pili, mpime mtoto sikoseli, na usifiche ugonjwa kwenye karatasi ya ruhusa.
Tatu, kichwa kikiuma, hakuna kupanda.
Nne, akihema akiwa ameketi, akiyumba au akichanganyikiwa, ashushwe wakati huo huo, usiku au mchana.
Tano, awe na nguo kavu za kulalia siku zote.

Wasikilizaji wangu, sikusema haya ili muwazuie watoto. Mlima ule ni wetu sote, na mtoto wa kisiwani ana haki ya kuuona. Nataka aende akiwa ameandaliwa, na arudi akiwa na hadithi ya kuwasimulia wadogo zake barazani.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI VYA KUSIKILIZA

1. Shule imepanga safari ya Mlima Kenya ya siku tatu. Wazazi wa kijiji chenu watafanya nini, na nani ataongea kwa niaba yao?
2. Ni nani katika koo zetu wamewahi kuwa na sikoseli? Watoto wao na ndugu zao wamepimwa?
3. Kijana anasema, "Mimi ni mwanamichezo, ugonjwa wa mlimani haunipati." Mtamjibu nini?
4. Kila mama ataje dalili mbili zinazolazimu mtoto ashushwe usiku huo huo.

Kama una swali, njoo kituo cha afya kilicho karibu nawe au mwulize mhudumu wa afya wa mtaa wako. Hadi wiki ijayo, ni mimi muuguzi wenu. Kwaherini, na Mungu awalinde watoto wetu, wa pwani na wa bara.